Kalehe: Matope yana njia yake, na njia hiyo inajulikana

Kila mwaka, mvua ya mwezi wa nne na wa tano inapokuwa kali, wakaaji wa kando ya ziwa Kivu katika mtaa wa Kalehe hawapati usingizi. Sababu inajulikana na wote. Alhamisi tarehe 4 mwezi wa tano 2023, mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ya usultani wa Buhavu, jimbo la Kivu ya Kusini. Vijito ambavyo siku zingine mtoto anavuka kwa mguu vilishuka na matope, mawe makubwa na miti mizima, vikapita katikati ya Bushushu na Nyamukubi mpaka ndani ya ziwa. Kule Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Maiti zaidi ya 400 zilipatikana, nyingi zikazikwa katika makaburi ya pamoja, na watu wengine wengi hawakuonekana mpaka leo. Serikali ilitangaza jumatatu tarehe 8 mwezi wa tano kuwa siku ya maombolezo ya taifa.

Siku mbili mbele ya hapo, usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3, mvua ilikuwa imeua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, wengi wao ng'ambo ya ziwa, katika wilaya kama vile Rubavu, Rutsiro na Karongi. Kiisha, miaka miwili baadaye, usiku wa tarehe 8 kuamkia tarehe 9 mwezi wa tano 2025, kijiji cha Kasaba, kando ya ziwa Tanganyika katika mtaa wa Fizi, nacho kilipigwa: mto ulishuka na mawe na matope wakati watu wamelala, na hesabu ya siku za kwanza peke yake ilipita wafu 60.

Kila mara maelezo yanayotolewa yako mafupi: mvua ilikuwa nyingi mno. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Mvua inanyesha juu ya eneo kubwa, lakini matope hayapiti kila mahali. Yanapita katika makorongo fulani, yanamalizikia mahali fulani. Kwa hiyo kuuliza tu mvua kubwa itarudi lini haitoshi. Inafaa kuuliza pia matope yatapita wapi, na watu wameweka nini katika njia yake.

Maji yanapogeuka kuwa kitu kingine

Watu wengi wanaita yote "mafuriko", lakini kuna tofauti kubwa. Katika mafuriko ya kawaida maji yanapanda, yanaingia nyumbani, yanaharibu vitanda na chakula, kiisha yanashuka. Mara nyingi mtu anapata dakika za kubeba watoto na kukimbia. Mkondo wa matope na mawe unakuja namna nyingine, na unaanzia juu kabisa, mbali na macho ya watu wa chini.

Mvua ikinyesha siku kwa siku, udongo wa mlimani unakunywa maji mpaka unashiba. Maji yanajaa katika matundu madogo yaliyo katikati ya chembe za udongo, yanazisukuma chembe zile, na udongo unapoteza nguvu ya kushikana. Kama siku hiyo mvua kali inaongezeka tena, vipande vya mlima vinaachia, kimoja hapa, kingine pale. Vyote vinaangukia katika korongo moja. Ndani ya korongo vinachanganyika na maji ya kijito na kuwa kitu kama beto ambayo fundi ametoka kuchanganya. Uzito wake unaweza kufika karibu mara mbili ya ule wa maji, ndiyo sababu kinaweza kubeba jiwe ambalo kumi ya vijana hawawezi kusogeza. Mawe makubwa yanatangulia, matope yanasukuma kutoka nyuma. Mtu hawezi kuogelea ndani yake, na ukuta wa matofali ya udongo hauwezi kuusimamisha.

Mara nyingine hali inakuwa mbaya zaidi. Miti na udongo ulioanguka vinafunga korongo, maji yanajikusanya nyuma yake kama katika bwawa. Watu wa chini wanaona mto umepungua, wanafikiri hatari imepita. Kumbe bwawa lile linangoja kupasuka. Likipasuka, kinachoshuka ni mara nyingi zaidi ya kile ambacho mvua peke yake ingeleta.

Jambo hili ni la maana kwa sababu linaonyesha kwamba hatari inatengenezwa mlimani, lakini watu wanakufa chini. Mtu wa Nyamukubi anaweza kuona jua dogo juu ya kichwa chake wakati mlima ulio nyuma yake umekwisha kuachia.

Ardhi tambarare ilitoka wapi?

Ziwa Kivu liko karibu metre 1 460 juu ya bahari. Kwa upande wa magharibi, milima inapanda haraka, na katika mwendo wa kilometa chache inapita metre 2 000. Mlima Kahuzi wenyewe unafika metre 3 308. Katika inchi ya namna hiyo, mahali tambarare ni pachache. Mtu akiangalia vizuri kutoka mtumbwini, ataona kwamba sehemu nyingi tambarare za kando ya ziwa ziko pale ambapo kijito kinatoka mlimani. Zina umbo la ungo uliokatwa nusu: upande mwembamba uko kwenye mdomo wa korongo, upande mpana uko ziwani.

Umbo hilo halikutokea bure. Kijito kinachotoka katika korongo nyembamba kina nguvu. Kikifika mahali wazi kinapoteza nguvu na kutupa mizigo yake, mawe kwanza, mchanga baadaye, udongo mwembamba mwishoni. Kikifanya hivyo mara mia kwa muda wa maelfu ya miaka, kinajenga uwanja. Kwa maneno mengine, uwanja ambao watu wanapenda kujengea ni matope ya zamani yaliyokauka.

Alama zake zinaonekana bila chombo chochote. Anayechimba shimo la choo au msingi wa nyumba anakuta tabaka za mawe na za udongo zinafuatana kama mikeka iliyopangwa. Katikati ya shamba la mihogo kuna jiwe kubwa ambalo hakuna babu aliyelileta. Jiwe lile lilishuka siku fulani, na njia lililopitia bado iko wazi.

Historia ya karibu inasema vilevile. Mwezi wa kumi 2014, Bushushu na Nyamukubi zilipigwa na maji na matope kutoka milimani, watu wakafa, nyumba zikaenda ziwani. Hiyo ilikuwa chini ya miaka tisa mbele ya msiba wa 2023. Katika muda ule wa kati nyumba zilijengwa tena, watoto walizaliwa, soko likaendelea mahali pake. Kwa hiyo msiba wa 2023 ulikuwa mkubwa kupita ile iliyotangulia, lakini haukuwa jambo ambalo halijawahi kuonekana.

Kwa nini watu wanarudi

Viongozi wengi, kila baada ya msiba, wanasema kwamba wakaaji ni wakaidi: wameambiwa watoke, hawataki. Maneno hayo ni mepesi kwa mtu ambaye shamba lake haliko pale.

Uwanja wa mdomo wa korongo ndiyo mahali pazuri kuliko pote kwa mambo ya kila siku. Udongo ni laini na unazaa. Maji yako karibu. Barabara ya taifa namba 2, inayounganisha Bukavu na Goma, inapita kando. Mitumbwi inaweza kutua. Kwa sababu hiyo soko linakuja pale, nyuma ya soko inakuja duka, nyuma ya duka linakuja kanisa, masomo, kituo cha afya na nyumba za kupangisha. Mama anayeuza samaki na ndizi hawezi kuishi saa mbili mbali na wanunuzi wake.

Na juu mlimani nako hakuko wazi. Kuna mashamba makubwa ya tangu wakati wa ukoloni, ambayo yana wenyewe hata kama sehemu zake zimelala bila kulimwa. Kuna Hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambamo kulima kumekatazwa. Kuna sehemu ambamo watu wenye silaha wamefukuza raia miaka mingi, na waliokimbia kutoka kule wameshuka kutafuta usalama kandokando ya barabara na ziwa. Mtu anayekimbia risasi hachagui kiwanja kwa kuangalia mawe.

Halafu kuna jambo la haki juu ya udongo. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema kwamba udongo ni mali ya Serikali. Lakini katika vijiji vya Buhavu, sawa na vya Bushi, jamaa nyingi zimeshika ardhi kwa njia ya kalinzi, yaani kwa kutoa mali kwa chifu kufuatana na desturi. Jamaa iliyotoa ng'ombe au mbuzi zamani inajua shamba ni lake, lakini haina karatasi yoyote ya kuonyesha mbele ya ofisi. Siku wanapoambiwa wahame, hakuna anayewaeleza ni nani atalipa kalinzi nyingine kule wanakopelekwa. Hema bila shamba ni njaa. Kwa hiyo mtu anapima: matope yanaweza kuja baada ya miaka kumi, njaa itakuja wiki ijayo. Anarudi.

Mtu anayetaka kuzuia vifo bila kugusa jambo hili la ardhi anapoteza wakati wake.

Inchi za theluji nazo zilijenga njiani

Inaweza kuonekana ajabu kutafuta fundisho la Kalehe katika inchi za baridi, lakini milima inafuata kanuni moja. Kule, badala ya udongo, ni theluji inayoshiba maji, ile nyeupe ambayo watu wa Mutwanga wanaona juu ya Ruwenzori hali ya hewa ikiwa safi. Mvua ikinyesha juu ya theluji nyingi, ao jua likiiyeyusha kwa haraka, maji yanakosa njia ya kutokea. Theluji inageuka kuwa uji mzito, na siku moja uji ule unaachia wote pamoja na kushuka korongoni. Hauhitaji hata mteremko mkali sana. Kwenye mdomo wa korongo unatapakaa kama vile matope ya Kalehe.

Mfano unaojulikana ni mji wa Longyearbyen, kwenye visiwa vya Svalbard, kaskazini kabisa mwa Norvege. Ulikuwa mji wa wachimbaji wa makaa ya mawe, na watu walijenga chini ya bonde dogo linaloitwa Vannledningsdalen. Tarehe 11 mwezi wa sita 1953, uji wa theluji ulishuka kutoka bonde lile, ukapiga majengo pamoja na hospitali, na kuua watu 3. Kilichofuata ndicho cha kuangalia. Mji uliamua kwamba kila mwaka, theluji inapokaribia kuyeyuka, tingatinga inapanda katika bonde na kukata mfereji ndani ya theluji, ili maji yapate njia ya kutoka pole pole kabla hayajajikusanya. Kazi hiyo ilifanywa mwaka kwa mwaka, kwa makumi ya miaka, hata katika miaka ambayo hakuna kitu kilichotokea. Mwezi wa kwanza 2012, mvua ikanyesha katikati ya baridi, wakati ambao mfereji ulikuwa haujakatwa, na uji wa theluji ulishuka tena ukavunja daraja la watembea kwa mguu. Hapo ilionekana kwamba mvua zimeanza kuja nje ya majira yake, na kwamba kazi ya mara moja kwa mwaka haitoshi tena. Baadaye, nyumba nyingi za mji ule zilizokuwa chini ya milima ya hatari zilibomolewa, na zingine zikajengwa mahali pengine.

Mfano wa pili unatoka Ufaransa, katika mji wa Val-d'Isère, ambako watalii wanaenda kuteleza juu ya theluji. Tarehe 10 mwezi wa pili 1970, poromoko la theluji liliingia katika jengo la vijana waliokuja likizo, ndani ya chumba cha kulia chakula, na kuua watu 39. Kule nako fedha ndiyo ilivuta majengo karibu na mlima: hoteli, migahawa, watalii. Baada ya msiba ule, Ufaransa ilianza kuchora ramani za njia zote zinazojulikana za maporomoko ya theluji. Wachoraji walitumia picha zilizopigwa kutoka ndegeni, lakini pia waliuliza wazee wa vijiji: theluji ilifika wapi wakati wa ujana wenu, na wakati wa baba zenu? Majibu ya wazee yaliandikwa na kuwa mistari juu ya ramani.

Inchi zile zina fedha ambazo Kalehe haina. Hata hivyo, mambo mawili zilizofanya kwanza hayakuhitaji utajiri mkubwa: kuuliza wazee na kuandika majibu yao, kisha kusafisha njia ya maji kila mwaka bila kungojea msiba.

Miti inasaidia, lakini haifanyi yote

Kila mara msiba unapotokea, wito wa kwanza ni kupanda miti. Wito huo una maana. Milima ya Kalehe imepoteza miti mingi kwa ajili ya makala, mbao na mashamba. Mizizi inashika udongo wa juu kama nyuzi ndani ya kitambaa, na majani yanapunguza nguvu ya matone. Mahali ambapo mteremko umelimwa uchi mpaka ukingo wa kijito, udongo wa juu unaachia upesi zaidi. Kurudishia miti na mianzi kwenye kingo za makorongo, mahali ambapo vipande vya udongo vinaangukia, ni kazi ya maana kuliko kupanda miti kandokando ya barabara ili ionekane na wageni.

Lakini miti ina mipaka yake. Mizizi haifiki chini kabisa. Mlima ukiachia kwa kina kirefu, miti inashuka pamoja nao na kuwa sehemu ya mzigo unaofunga korongo. Tena, mti uliopandwa leo unahitaji miaka mingi mbele ya kushika kitu.

Hata mitaro ya kupambana na mmomonyoko, ambayo wakulima wengi wa Kivu wanaijua, inaomba akili. Mtaro unaokata mteremko na kushika maji unafaa sana mahali ambapo mlima ni imara. Mahali ambapo udongo umekwisha kuonyesha nyufa, mtaro unaoshika maji unaendelea kuyaingiza ndani ya mlima, na unaweza kuongeza hatari. Pale inafaa mtaro wenye mwinamo mdogo, unaotoa maji kando mpaka kwenye mwamba au kwenye majani mazito. Mkulima anapashwa kuangalia nyufa kwanza, kiisha achague aina ya mtaro.

Kile ambacho kinaweza kufanywa bila kungojea Kinshasa

Kazi ya kwanza ni ramani, na inaweza kuanza na daftari. Katika kila kijiji kilicho kwenye mdomo wa korongo, wazee, walimu, machifu na shirika la raia wanaweza kutembea pamoja siku moja na kutia rangi juu ya mawe na miti: hapa ndipo matope ya 2014 yalifika, hapa ndipo ya 2023 yalifika. Alama ile ibaki mbele ya macho ya wote. Mgeni anayetaka kununua kiwanja ataiona hata kama muuzaji hataki aione.

Kazi ya pili ni kukubaliana juu ya mambo yasiyopashwa kuwekwa ndani ya alama. Kuhamisha kijiji kizima ni kazi ya miaka. Kuhamisha soko, masomo, kanisa na kituo cha afya ni kazi ndogo zaidi, na ndizo mahali ambapo watu wengi wanakutana kwa saa moja. Shamba la mihogo linaweza kubaki njiani. Matope yakipita, mihogo itaharibika, lakini mtu ataishi. Kulima mchana mdomoni mwa korongo na kulala usiku kwenye kilima cha pembeni ni njia ya katikati ambayo jamaa nyingi zinaweza kuikubali, kama tu chifu na ofisi ya ardhi wanatoa viwanja vya kulala bila kuomba kalinzi ya pili.

Kazi ya tatu ni njia ya maji. Daraja dogo au bomba lililozibwa na magogo chini ya barabara linageuka kuwa ukuta, na matope yanatafuta njia nyingine katikati ya nyumba. Salongo, ambayo mara nyingi inaishia kufagia mbele ya ofisi, inaweza kutolewa kwa kuondoa magogo na mawe kwenye vijito mbele ya mwezi wa tisa, mvua inapoanza, na tena mbele ya mwezi wa tatu. Na kila anayejenga upya daraja juu ya barabara ya taifa namba 2 anapashwa kuulizwa swali moja wazi: daraja hili limepimwa kwa maji tu, ao kwa mawe pia?

Kazi ya nne ni kupima mvua. Mwezi wa sita 2023, kundi la wanasayansi la World Weather Attribution lilijaribu kuchunguza kama mabadiliko ya hali ya hewa yalichangia mvua ile ya kandokando ya ziwa Kivu. Halikuweza kutoa jibu la hakika, kwa sababu takwimu za mvua za eneo hili ni chache mno. Hilo ni jambo la kuhuzunisha, kwa sababu kipimo cha kwanza cha mvua kinaweza kuwa chombo chenye kuta zilizonyooka na rula ndani yake, kwenye uwanja wa masomo yaliyo juu mlimani. Mwalimu anaandika kila asubuhi. Baada ya misimu michache, kijiji kinaanza kujua: udongo ukiwa umekwisha kushiba, mvua ya kiasi gani inaleta hatari.

Saa ya hatari

Hata baada ya kazi zote hizo, usiku mmoja mbaya utakuja. Watu walio juu ndio wanaoona kwanza, na watu walio chini ndio wanaopashwa kujua. Katikati yao inahitajika simu, filimbi, ngoma ya kanisa, redio, chochote ambacho kinafika usiku. Mtu wa juu lazima awe anajulikana kwa jina, awe na krediti katika simu, na awe na ruhusa ya kupiga bila kungojea amri ya chifu. Bora watu wakimbie mara tatu bure kuliko kungoja mara moja.

Alama zenyewe zinaweza kufundishwa kwa watoto wa masomo ya msingi:

Mto unapungua ghafla wakati mvua bado inanyesha. Maji yanabadilika kuwa mazito na meusi, yanabeba miti mibichi yenye majani. Sauti inasikika kama ya malori mengi, na ardhi inatetemeka. Nyufa mpya zinaonekana mlimani, ao mlango wa nyumba unaanza kukwama wakati haukuwa unakwama.

Anayeona mojawapo asirudi kuchukua godoro. Asikimbie kufuata korongo kwenda ziwani, kwa sababu matope yana mwendo kumpita. Apande pembeni, kwenye mgongo wa kilima, mbali na njia ya maji, na asishuke haraka mvua inapotulia. Mkondo wa pili unaweza kufuata wa kwanza, na mara nyingi unawakuta wale waliokuja kusaidia.

Nani ataamua?

Mwezi wa pili 2025, kundi la AFC/M23 lilichukua Kalehe na kiisha mji wa Bukavu. Ofisi zilibadilika, wafanyakazi wengine wakakimbia, na mipango iliyosemwa baada ya 2023 juu ya kuhamisha watu ikasahaulika katika kelele za vita. Wakaaji wanaweza kusema, na haki wako nayo, kwamba katikati ya risasi nani atafikiri juu ya mitaro. Lakini mvua haisubiri amani. Mlima ulioachia 2023 una udongo mwingi uliolegea ambao bado uko juu, na kandokando ya ziwa kuna wahami wengi kuliko zamani.

Yeyote anayesimamia mtaa, leo na kesho, atakuwa na uamuzi mmoja mbele yake ambao hauombi fedha nyingi wala msaada kutoka nje: soko la alhamisi likae wapi. Machifu wanajua matope yalifika wapi. Wauzaji wanajua ni nafasi gani nyingine mitumbwi inaweza kutua. Wenye mashamba makubwa wanajua ni sehemu gani za ardhi yao hazijalimwa miaka mingi. Watu hao watatu wakikaa pamoja barzani kabla ya mvua za mwezi wa tisa, kazi inaweza kuanza.